Usiku Mmoja kwa Bei ya Wanachama

Mkoba wa Renate ulikuwa mzito kupita safari yenyewe. Mtu anayetoka Vienna Jumamosi asubuhi kwenda kulala usiku mmoja mlimani huchukua shuka la kushonwa kama mfuko, ndara za kuvaa ndani, sweta na mswaki, basi. Hata mtoto wa shule hulijua hilo. Lakini Renate alikuwa ametia sketi mbili, nguo za ndani za wiki nzima na, chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, viatu vyeupe alivyovaa kazini katika jiko la nyumba ya wazee.

Dada yake aliyeishi mji wa Graz alikuwa amemwambia kwenye simu, "Kazi ipo, chumba kipo. Wewe njoo tu na mtoto, hayo mengine tutayazungumza ukishafika." Na reli ya Graz hupita pale pale, kwenye stesheni ndogo ya bondeni wanakoshukia wapanda milima. Upande huu treni za kurudi Vienna, upande ule treni za kuvuka milima kwenda kwa dada.

Renate alikuwa amejiwekea sharti, wala hakumwambia mtu. Usiku huu mmoja tu. Mumewe Friedl akisema uongo tena, uwe mkubwa uwe mdogo, kesho yeye na binti yao Jasmin watasimama upande ule wa pili.

Kufukuzwa kazi hakukuwa neno. Duka la samani ambalo Friedl alikuwa akilisambazia makochi na makabati lilifungwa mwezi wa Januari, na maduka hufungwa kila siku. Neno lilikuwa hili: kutoka Januari hadi Pasaka mwanamume huyu aliamka kila alfajiri, akavaa koti la kazi, akachukua mkate aliofungiwa na mkewe, akambusu, akaenda kuketi kwenye ukumbi wa abiria wa stesheni ya Meidling, hapo hapo Vienna, mpaka jioni. Renate alimkuta huko siku aliyotoka kung'olewa jino. Alikuwa anatafuna mkate wake huku ametazama ubao wa safari kama mtu anayeisubiri treni yake. Renate hakupiga kelele. Shavu limemvimba, aliketi kando yake akamuuliza, "Chumvi imekolea?"

Tangu siku ile wakawa wanazungumza mambo ya nyumba tu: takataka, sabuni, nani ana ufunguo. Mpaka Friedl alipokuja na hoja ya mlima.

"Twende juu kwa Traudi, Reni, kwenye ile nyumba ya wapandaji," alisema. "Usiku mmoja tu. Sisi watatu. Kama zamani."

"Kwa pesa ipi?"

"Mlimani si hotelini. Mwanachama hulala kwa bei ndogo kuliko chakula cha mchana hapa mjini. Na dengu za wapandaji zipo palepale."

"Kadi za chama zimelipiwa?"

"Wewe usijali," alisema Friedl.

Renate akasikia kwamba hakujibiwa. Lakini akaenda kuutoa mkoba kabatini.

*

Waliupanda mlima kwa kigari kinachoning'inia kwenye waya, kwa sababu goti la Friedl lilikuwa limechakazwa na makochi ya watu. Tiketi ya kupanda walikata, ya kushuka wangekata kesho yake. Ndani ya kigari walibanana na vijana wenye fimbo mpya na mbwa aliyelowa.

"Baba, huko juu kuna mtandao?" Jasmin aliuliza. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na simu yake ilikuwa kama kiungo cha mwili.

"Upo. Wa buibui."

"Haichekeshi."

"Mama yako amecheka."

"Sijacheka," alisema Renate, na kwa kweli alikuwa amecheka kidogo.

Kutoka kituo cha juu walitembea mwendo wa saa mbili tatu kwenye nyasi fupi na mawe, ukungu ukija na kuondoka. Kila waliyepishana naye walimsalimu kwa jina au kwa "ndugu yangu wee, habari ya njia?" Ndivyo ilivyo kule. Chini mjini mtu ataishi na jirani yake miaka ishirini ukuta kwa ukuta na bado wakaitana Bwana Fulani na Bibi Fulani. Ukishavuka mita elfu moja, hayo yote unayaacha kwenye kigari. Juu mlimani tajiri na mfagiaji huitana kwa jina la ubatizo, na atakayekuita kwa jina la ukoo, jua ana jambo na wewe.

Friedl alichangamka. Alimwonyesha Jasmin mahali alipomkuta Renate mara ya kwanza, msichana aliyekaa juu ya jiwe na malengelenge miguuni, anatukana viatu vyake matusi ya kila aina.

"Matusi gani?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nilikuwa kijana mstaarabu, ndiyo kwanza niliyasikia."

"Muongo wee," alisema Renate. Neno likamtoka kwa mzaha, likaanguka vibaya, wote wakalisikia. Wakaenda mpaka nyumba ya mlimani ilipotokeza ukunguni, paa lake la bati na moshi wake.

*

Traudi, mlinzi wa nyumba ile, mwanamke wa mikono minene na sauti ya kuitia ng'ombe, alimwona Friedl tangu mlangoni.

"Ni Friedl huyu? Nilidhani umekufa! Vua viatu, usinichafulie sakafu. Na huyu ndiye yule mtoto aliyetapika kwenye benchi langu?"

"Nilikuwa na miaka minne," alisema Jasmin, masikio yamemwiva kwa aibu.

"Benchi halijasahau. Mko watatu? Mna bahati. Nimebakiwa na magodoro matatu juu, kwenye jukwaa la kulalia, hapo dirishani. Ninawapa sasa hivi, wanachama hawangoji kengele."

Sheria ya nyumba zile inajulikana. Mwanachama wa chama cha wapanda milima anapewa mahali pa kulala papo hapo, kwa nusu ya bei. Asiye mwanachama anakaa chini anangoja kengele ya saa moja jioni, ndipo anagawiwa kilichobaki kama kimebaki. Na uanachama unaonekana kwenye kadi, kwa kibandiko cha mwaka, kila mwaka na rangi yake.

Friedl akatoa kadi. Akaiweka kaunta, kidole gumba kimelalia kwenye kona ya kibandiko, kama mtu anayeizuia isipeperuke. Humo ndani hapakuwa na upepo.

"Ah, ondoa," alisema Traudi, naye tayari anaandika majina kwenye kitabu. "Wewe nikukague kadi? Miaka yote hii?"

Friedl akaiondoa. Haraka, lakini si haraka ya kutosha. Renate aliona kibandiko kilikuwa cha kijani. Kijani ilikuwa rangi ya mwaka jana. Mwaka huu ulikuwa wa rangi ya machungwa, kila mkoba uliotundikwa pale ukutani ulikuwa na kadi yake inang'aa kama karoti.

Alipanda ngazi nyuma ya mumewe, akatandika shuka lake juu ya godoro la dirishani. Akakaa. Akaupapasa mkoba kwa nje mpaka akavigusa viatu vyeupe. Basi, akajisemea. Kumbe hata usiku wenyewe haujaingia.

*

Chumba cha kulia kilijaa mvuke wa soksi na supu. Meza moja ilikuwa na wacheza karata, na mmoja wao, jamaa wa ndevu nyekundu, kila akitupa karata aliipiga meza kofi. Traudi alileta dengu zenye donge kubwa la mkate katikati, chakula ambacho kila nyumba ya mlimani inalazimika kumpikia mwanachama kwa bei ya chini. Friedl alianza kula kwa njaa. Renate alikoroga tu.

"Mama, huzitaki?"

"Za moto."

Ukungu ulikuwa umekaa dirishani mzito kama blanketi mlango ulipofunguka wakaingia wazee wawili, mume na mke, wamelowa mpaka nyusi. Mzee alikuwa na nishani ndogo ya fedha kwenye kofia, ile wanayopewa wanachama wa miaka mingi. Mkewe aliegemea fimbo mbili na mguu mmoja alikuwa anaukokota.

"Anselm! Ludmilla!" alisema Traudi, na sauti ya kuitia ng'ombe ikashuka. "Mbona leo? Mbona saa hizi?"

"Ukungu umetuzungusha," alisema mzee. "Tumeliona jiwe moja mara tatu. Mara ya tatu nikalisalimu." Watu wakacheka. "Tupe sehemu ya kujinyoosha, binti. Ludmilla nyonga imegoma."

Traudi akafuta mikono kwenye aproni, mara moja, halafu tena. "Juu kumejaa. Magodoro ya mwisho nimeyatoa sasa hivi."

"Kwa wanachama?"

"Kwa wanachama."

"Hapo hakuna neno," alisema mzee.

"Kuwafukuza siwafukuzi, usiku ndio huu. Nitawatandikia hapa kwenye mabenchi, wengine wakishaenda kulala."

Benchi lilikuwa la ubao, upana wa mapaja ya mtu. Bibi Ludmilla alilitazama, akatabasamu tabasamu la mtu aliyelelewa vizuri. "Nimelala pabaya zaidi," alisema. "Kwa mfano karibu na Anselm." Akaketi taratibu, akishikilia meza, na alipofika chini alifumba macho kitambo.

Jasmin aliwatazama wale wazee, akamtazama baba yake. "Baba," alisema polepole, "sisi si tungeweza..."

"Kula, mwanangu," alisema Friedl.

Renate aliweka kijiko. Hapa ndipo angeweza kumwokoa. Angesimama, aseme, "Chukueni magodoro yetu, sisi bado vijana," na watu wangewaona wema, na lile la kadi lingezikwa chini ya wema huo. Miaka kumi na minane alikuwa akimfanyia hivyo: alimsemea kwa mama mkwe, alimsemea shuleni. Akaikunja mikono mapajani akaibana. Asimame mwenyewe, alijisemea. Au asisimame, nijue.

Friedl alikata kipande cha donge. Akakitazama. Akakirudisha sahanini. Goti lilimlia aliposimama, na benchi likakwaruza sakafu, kwa hiyo chumba kizima kikageuka kabla hajafungua mdomo.

"Traudi," alisema. "Magodoro yale wape hawa."

"Una moyo, Friedl, lakini umefika kwanza, na mwanachama ni..."

"Mimi si mwanachama."

Mcheza karata alibaki na karata hewani.

"Sijalipa tangu mwaka ulipoanza," Friedl aliendelea. "Kazi ilikwisha, nikaacha kulipa. Kadi ni ya mwaka jana. Nimeiwekea kidole usikione kibandiko. Mke wangu hakujua. Nilitakiwa ningoje kengele kama wengine."

Jamaa wa ndevu nyekundu akaitupa karata yake, paa! "Na hizo dengu je, umezila kwa kadi gani?"

Meza yote ikaangua kicheko. Mmoja akaongeza, "Na chumvi pia ilindeni!" Friedl alisimama akakinywa kicheko kile mpaka kikaisha. Masikio ya Jasmin yalikuwa yameiva tena, lakini safari hii alikuwa anamkodolea macho yule mwenye ndevu kama anayemwekea alama.

"Dengu nitazilipa kwa bei ya watu wengine," alisema Friedl. "Na kulala pia."

Traudi hakucheka. Alikwenda kaunta, akafungua kitabu, akakata mstari mmoja, akaandika mwingine.

"Vyema, Bwana Navratil," alisema. "Mtalala mabenchini."

Bwana Navratil. Juu ya mita elfu moja. Renate alimwona mumewe akilipokea jina lake mwenyewe la ukoo kama kofi, na vicheko vya wacheza karata vyote havikuwa vimemfanya hivyo.

*

Mzee Anselm alikuja kwenye meza yao na kofia mkononi. Alisema magodoro ni matatu nao ni wawili, basi mtoto abaki juu.

"Asante, babu, ninalala na wazazi wangu," alisema Jasmin.

"Benchi ni gumu, mjukuu."

"Kule juu wanakoroma. Nimeshawasikia, na bado hawajalala."

Walipobaki peke yao, Renate akaanza kutandika mablanketi aliyoletewa. Friedl alishusha vitu vyao kutoka jukwaani, mkoba wake, wa Jasmin, na wa mwisho ule wa Renate. Aliuweka chini pole pole mno, kama mwenye kuweka kapu la mayai.

"Reni."

"Usiseme kitu."

"Nilitaka tu uwe na usiku mmoja ambao..."

"Nimesema usiseme kitu, Friedl. Umesema vizuri leo. Usije ukaharibu."

Renate akalala, uso ameuelekeza kwenye meza. Baada ya muda alinyoosha mkono akaangalia kama blanketi limelifikia goti bovu la Friedl. Halikufika. Akalivuta.

*

Asubuhi ukungu ulikuwa umeondoka na kila kitu kilikuwa karibu mno, hata mabonde ya mbali. Friedl alilipa kaunta. Bei ya wasio wanachama, watu watatu, na dengu juu yake. Renate aliona pochi ilivyonywea, naye akajua kabla hajaambiwa: tiketi za kigari cha kushukia zilikuwa zimekwenda na hesabu hiyo.

"Tutashuka kwa miguu," alisema Friedl.

"Na goti?"

"Goti litakuja nyuma."

Walikuwa wameshafika kwenye uzio Traudi alipotoka na aproni yake. Alipiga ile sauti yake mpaka kunguru wakaruka paani.

"Friedl!"

Akageuka kama mtoto aliyeitwa shuleni. Traudi alimtupia kitu kilichofungwa kwenye karatasi. Kilikuwa mkate na kipande cha nyama ya kukaushwa.

"Ukipata kazi, lipia kadi. Usipopata, njoo hivyo hivyo ungoje kengele yangu. Lakini ukija nipe mkono mzima, usije na kidole!"

Friedl akainua mkono wake wa kulia, vidole vyote vitano, akaubakiza juu kitambo.

Njia ya kushuka ilikuwa ya mawe yanayoteleza, na ilichukua asubuhi yote. Friedl alishuka kwa ubavu, kama kaa. Kwenye sehemu kali Jasmin alitangulia akampa bega. Renate alikuwa nyuma, anatazama migongo yao miwili, wa baba umebeba mikoba miwili, maana aliung'ang'ania ule wa mkewe tangu asubuhi wala hakukubali kuutoa. Buti za Renate zilikuwa za zamani kama ndoa yake, na kisigino cha kushoto kilikuwa kimeshachubuka. Alitukana kidogo kidogo, kwa sauti ya chini.

"Hayo ndiyo matusi yenyewe?" aliuliza Jasmin bila kugeuka.

"Hayo ni ya watoto," alisema baba yake.

*

Stesheni ilikuwa na jua na harufu ya chuma. Kufika upande wa Vienna ilibidi kushuka ngazi, kupita chini ya reli na kupanda ngazi nyingine. Upande wa Graz ulikuwa hapo hapo mlangoni.

Friedl hakushuka ngazi. Alikwenda mpaka kwenye benchi la upande wa Graz, akauegesha mkoba wa Renate hapo, akaurekebisha usidondoke.

"Treni yenu inatangulia," alisema.

Jasmin akatazama huku, akatazama kule. "Treni yetu ipi? Mama?"

Renate alihisi uso umemwaka moto. "Tangu lini unajua?"

"Tangu jana Meidling, nilipokuinulia mkoba kuupandisha kwenye treni. Viatu vikanigusa mgongoni." Alijaribu kucheka. "Hakuna aendaye mlimani na viatu vya jikoni, Reni."

"Umejua safari nzima. Na hukusema."

"Ningesema, ungedhani yale ya jana nimeyasema ili usiende." Alijifuta jasho la shingo. "Nimeyasema kwa sababu yule bibi alifumba macho. Nilivyomwona amefumba macho... nilishindwa kumeza. Basi. Ukitaka kwenda, nenda. Uongo umeniishia."

Reli zikaanza kuimba. Treni ikatokeza kwenye kona, nyekundu, ikaja ikasimama mbele yao, milango ikafunguka. Mwanamke mmoja aliteremka na baiskeli. Konda alichungulia nje, akamtazama Renate, akautazama mkoba, akangoja kidogo kwa adabu.

Renate aliketi kwenye benchi. Akafungua kamba za buti, la kushoto kwanza. Soksi ilikuwa na doa la damu. Akaingiza mkono ndani ya mkoba mpaka chini kabisa, akautoa mfuko wa nailoni, akavivaa viatu vyeupe, kimoja, halafu kingine. Akasimama akakanyaga sakafu kuvijaribu.

"Mama, tunakwenda wapi?" sauti ya Jasmin ilikuwa imepanda.

Konda akapuliza filimbi. Milango ikajifunga, treni ikaondoka kuelekea milimani, ikawaachia upepo na kimya.

"Sijakusamehe," Renate alimwambia mumewe. "Usije ukadhani."

"Sidhani."

"Kesho unakwenda ofisi ya kazi, na mimi nakwenda na wewe. Na dada yangu unampigia simu wewe mwenyewe, umweleze. Yote. Na ile ya Meidling."

"Dada yako ataniua."

"Atakuua."

Akaziunganisha buti zake kwa kamba, akamvika mumewe shingoni kama shada, akamwachia na mkoba. Halafu akamshika Jasmin mkono, akaziendea ngazi za kupitia chini ya reli, polepole kwa sababu ya kisigino, viatu vyeupe vikilia kwi, kwi, kwenye saruji. Friedl aliwafuata na goti lake, ngazi moja, akipumzika, ngazi moja. Chini, gizani, Renate alisimama akamngoja.